Mabaki ni ya Fundi

"Elfu sabini, na mabaki ni yangu," nilimwambia. "Hapo hatuongei tena."

Javan alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yangu pale Kariobangi, ubao ameuegemeza begani kama mtu anayemsindikiza mlevi nyumbani. Ulikuwa umefungwa shuka jeupe.

"Fundi, nakuongeza kumi. Iwe themanini kwa besi moja. Lakini kila kipande kitakachotoka kwa huu ubao, nirudishie."

"Kila kipande."

"Hata vumbi."

"Kwani nimekuibia lini, Javan?"

"Sijasema umeniibia."

"Mtu anayetaka arudishiwe vumbi anasema nini kingine?"

Damu yangu hupanda haraka, wanaonijua wanajua. Kwa miaka miwili huyu Javan alikuwa akiniletea mbao za koa, mti wa huko Hawaii. Hapa kwetu koa ni kile kidude kinachoteleza kwenye sukumawiki, kwa hiyo cheka umalize tuendelee. Ni mbao nyekundu yenye mawimbi ya dhahabu ndani, ukiigeuza kwenye mwanga unadhani inapumua. Kaka yake Javan, anaitwa Nabiswa, alikuwa ameajiriwa huko kwenye karakana ya samani, na kila baada ya miezi michache alituma ubao mmoja au miwili. Mimi nachonga magitaa ya umeme na mabesi, yale ya nyuzi nene za sauti nzito, Javan anawauzia wanabendi na makanisa. Nabiswa mwenyewe sijawahi kumwona. Na siku zote hizo, mabaki yalikuwa yangu bila mtu kuuliza.

Sisi wachongaji wa Ukambani ndivyo tulivyo. Mwenye mti anachukua kinyago, fundi anachukua mabaki. Babu yangu alisomesha watoto watatu kwa vifaru vidogo vilivyotokana na mabaki ya vifaru vikubwa. Ukinipa elfu kumi ili uninyang'anye hiyo, umenitukana kwa elfu kumi.

"Rudi na ubao wako kwenu Buruburu," nikamwambia.

Hakurudi. Alisimama pale mpaka nikaona aibu kidogo. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Basi. Vipande chukua. Vumbi na maranda nipe mimi."

"Vumbi na maranda yako. Vipande vyangu. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana. Lakini usivichome, Musau. Na usiviuze."

"Kikiwa changu ni changu."

Akalipa nusu. Akanyoosha shuka, akalikunja mara nne, akalishika mikononi. Nilipouweka ubao mezani nikaona unateleza. Ulikuwa umepakwa mafuta ya kujipaka, yale ya kila siku ya watoto wa shule, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine.

"Nani amepaka huu ubao mafuta? Mnajua gundi haitashika?"

Javan alitazama sakafu.

"Ni mama," akasema.

*

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilifungua gitaa bovu la kanisa moja hapa, nikatazama, nikafunga, likalia. Nikaanza hapo. Kupiga sijui hata wimbo mmoja. Lakini naijua shingo ya gitaa kuliko anayelipiga. Haipimwi kwa rula. Unafumba macho, unaipitisha kwenye mkono wa kushoto, na vidole vinakuambia ni wapi pamebaki ukwaru usioonekana. Wateja hutoka Makadara hadi Thika kwa sababu ya vidole hivyo. Mkono huu wa kushoto ndio unaotulisha mimi, mke wangu Mwelu na binti yetu Mbeti.

Nilisafisha yale mafuta kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi. Nikapiga randa. Javan alikuja kila jioni baada ya kazi, akapiga magoti chini ya meza na brashi laini ya rangi. Alifagia kila randa lililoanguka. Hakukanyaga hata moja. Aliyamimina kwenye lile shuka jeupe, akafunga ncha nne, akaondoka amelibeba kwa mikono miwili. Majirani wanaofua mabati walimcheka. Mimi pia nilicheka.

Kwenye vipande vyangu nilichagua kimoja, kinene, ukubwa wa kiganja. Nikakitengenezea kibao cha kupigia msasa. Kilikaa vizuri mkono wa kushoto, kikashika joto upesi. Nilikitumia kulainishia besi ileile kilikotoka.

Siku ya nne kidole cha pete kikafa ganzi. Nikadhani nimekilalia. Siku ya sita vikawa viwili. Wiki ya pili ganzi ilikuwa imeshika vidole vyote vinne, dole gumba likabaki peke yake.

Nilikuwa nikiunganisha nyaya za besi kwa chuma cha solda niliposikia harufu ya nyama. Nikadhani ni yule jirani anayechoma mutura ameanza mapema. Nikainua macho nimtazame. Kibanda chake kilikuwa kimefungwa.

Nilipoangalia chini, kile chuma kilikuwa kimelala juu ya vidole vyangu.

Sikupiga kelele. Hakukuwa na cha kupigia kelele.

*

Jumapili hiyo nilienda karakana saa nane mchana. Kariobangi ya Jumapili ni kama mtu aliyezimwa. Hakuna nyundo, hakuna mashine ya kusaga chuma. Mwelu na mtoto walikuwa kanisani. Nilitaka nimalize besi ile nisiione tena.

Aliyewahi kushika gitaa la umeme anajua jambo hili. Ukilichomeka kwenye amplifaya ukaliacha bila kuligusa, linavuma, hasa kwa stima yetu ya huku. Mmmm, kama friji kuukuu. Ukishika nyuzi, mvumo unakatika. Mwili wa mtu ndio unaounyamazisha. Ndivyo ninavyopima nyaya zangu. Nashika, kimya. Naachilia, mvumo.

Nikashika. Kimya. Nikaachilia. Mvumo. Kazi safi.

Nikailaza besi juu ya meza ikivuma, nikaenda hatua tano hadi kwenye chupa ya chai. Nikamimina.

Mvumo ukakatika.

Nikageuka. Taa nyekundu ya amplifaya ilikuwa inawaka. Waya haujang'oka. Besi imelala palepale.

Mvumo ukarudi.

Ukakatika tena.

Ukarudi.

Mtu anaweka mkono. Mtu anaondoa mkono.

Sikukimbia. Sikuhisi hata moyo kwenda mbio, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Nilisimama na kikombe nikitazama kama ninayetazama mvua. Uzi ule mnene wa juu ulianza kutikisika. Nuru ya dirisha ilikuwa ikicheza juu yake. Kisha ukalia. Noti moja. Nzito, ndefu, iliyoingia kwenye meno.

Hapo ndipo nilipohisi maumivu pajani.

Nikatazama chini. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umening'inia ubavuni. Vidole vilikuwa vinabonyeza paja, vimebonyeza sana, kwa mpangilio. Kwenye vidole sikuhisi kitu. Kwenye paja nilihisi vyote. Cha kwanza. Cha tatu. Cha kwanza. Cha pili.

Kila vilipobonyeza, mvumo ulikatika.

Nilimaliza chai yangu. Nikachomoa waya kwa mkono wa kulia. Nikafunga duka.

*

"Baba Mbeti, unapiga nini?" Mwelu aliniuliza siku iliyofuata tukila mchana.

"Sipigi kitu."

"Hiyo meza unaipiga tangu ukae."

Akakichukua kiganja changu, akakigeuza. Akapitisha dole gumba lake juu ya vidole vyangu. Kisha akasema polepole, kama anayemsomea mtu asiyejua kusoma, "Hizi sugu umezitoa wapi?"

Kwenye ncha za vidole vitatu kulikuwa na sugu ngumu, za manjano, zenye mfereji katikati. Niliwahi kuziona kwa wateja wangu. Ni sugu za mtu aliyebonyeza nyuzi nene kwa miaka ishirini. Kwenye kidole cha pete hazikuwa kwenye ncha. Zilikuwa chini zaidi, kwenye kiungo, kana kwamba kwa mpigaji kidole kinaishia hapo.

*

Javan alikuja kuchukua besi Ijumaa asubuhi. Akanihesabia nusu iliyobaki, noti kwa noti. Tukamalizana. Akaishika ile besi shingoni kama anayemshika mtu mkono, akafumba macho.

Sikumpa nafasi. Niliweka kile kibao cha msasa mezani.

"Niambie hiki ni nini."

Alikitazama. Upande wa chini kilikuwa kimebonyea mashimo manne ya vidole, ya kina, kama ngazi ya jiwe iliyokanyagwa na vizazi. Na koa ni mti mgumu. Nilikuwa nimekitumia wiki tatu. Niliweka vidole vyangu juu ya mashimo. Havikuingia. Yalikuwa mapana kuliko mimi, na lile la tatu lilikuwa fupi, lilifika nusu.

Javan alikaa kwenye kigoda bila kuambiwa.

"Nani alikuambia kuhusu kidole?" akanong'ona.

"Kidole gani?"

"Nabiswa. Msumeno ulimkata kidole cha pete, huko huko kazini. Tulimficha mama."

"Mpigie simu basi. Mwambie anieleze."

"Nabiswa amekufa, fundi."

Nilikaa pia.

Akaniambia yote, akitazama brashi aliyokuwa ameisahau chini ya meza yangu. Kaka yake, mpiga besi tangu ujana, aliingia msituni kutazama mti ulioanguka. Mto ukajaa. Walipata kofia tu. Ubao wake wa mwisho ulikuwa umeshatumwa, ukafika wiki mbili baada ya habari, pamoja na kikaratasi: huu si wa kuuza, huu ni besi yangu, mpe Musau anichongee.

"Kwetu," Javan akasema, "mtu akipotea na mwili usipatikane, tunazika mgomba badala yake. Ili atulie. Mama alikataa mgomba. Alisema mikono ya mwanawe ilishika huu ubao, basi ndiye huyu. Tukaulaza sebuleni, Buruburu, siku tatu. Tukauimbia. Mama akaupaka mafuta. Tukauita jina lake."

"Na ukaniletea mimi nimkate."

"Tulisema besi ibaki, kama alivyoomba. Kinachobaki kizikwe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

Ningekataa. Hapo hakudanganya.

"Nimekubali kosa langu," nikamwambia. "Sikudai kwa ubaya. Vipande vyote viko kwenye hili sanduku, hata kimoja sijauza. Chukua uzike leo. Nauli nalipa mimi."

Alitikisa kichwa taratibu.

"Tulizika Jumamosi ile iliyopita. Kule nyumbani. Shuka la maranda, kwenye jeneza. Kaburi limefungwa, fundi. Halifunguliwi."

Nikakumbuka ile Jumapili. Ilikuwa siku moja baada ya hiyo Jumamosi.

"Basi vizikwe pembeni."

"Pembeni ni kaburi la pili." Aliinuka, akabeba besi. Hakugusa sanduku. "Na kaburi la pili linataka mtu wake."

Alipofika mlangoni alisimama, akasema bila kugeuka, "Wewe ndiye ulisema vipande ni vyako."

*

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Daktari amenichoma sindano kwenye vidole, akaandika kwamba mishipa ni mizima. Mchungaji ameniombea. Shemeji yangu Mwanzia aliwahi kulipeleka sanduku mbali akalitupe. Alirudi nalo, akaliweka mlangoni, akasema tu kwamba lilikuwa zito, na tangu siku hiyo hapiti kwangu.

Sichongi shingo tena. Nilijaribu mbili, zote mbili zikarudishwa. Mteja mmoja aliniuliza kama niliifanya kwa miguu. Sikumkasirikia. Nimejaribu kukasirika, haiji. Natengeneza vigoda sasa. Kigoda hakihitaji vidole.

Nasikia ile besi inapigwa kila Jumapili kwenye kanisa lao, na watu wanasema haijawahi kusikika besi kama hiyo Eastlands yote. Sihitaji kuambiwa. Ibada inapoanza saa nne, mimi nikiwa nyumbani nimekaa, mkono huu unaanza. Unapiga nyimbo zote. Unapumzika wakati wa mahubiri. Mwelu huuwekea mto ili usiniumize paja. Jumapili iliyopita Mbeti aliimba kuufuata, kwa sababu ameshazijua nyimbo, na mamake akamtoa nje.

Kile kibao nimekifungia kabatini, na ufunguo ninao mimi. Sijakishika tangu Javan aondoke. Jana nilikitoa nikitazame. Mashimo yamezidi kina. Na kando ya lile shimo fupi kuna vumbi jekundu, laini, jipya.

Javan, najua utasoma haya, nimempa mtu akuletee. Mimi si mtu wa kuzunguka. Pesa ulilipa zote, sikudai hata shilingi. Vumbi na maranda ulichukua kama tulivyosema. Vipande nilichukua kama tulivyosema. Vidole havikuwa kwenye makubaliano.

Mwambie kaka yako anirudishie mkono wangu.