Jasho la Okemwa

"Usiingie! Ukivuka huo mlango, mtoto wangu anakufa!"

Bonareri alisimama na kikombe cha chai ya moto mkononi. Mama mkwe wake, Abigael, alikuwa ameziba mlango kwa mwili wote. Ndani, Okemwa, mume wa Bonareri, alikuwa amevimba uso, jasho linamchuruzika, kifua kinapiga mluzi.

"Mama, nimemletea chai tu."

"Kila ukimletea analowa hivi! Hiyo ni amasangia. Sema umelala na nani!"

Kijiji kizima cha Sironga kililijua neno hilo. Mke akitoka nje ya ndoa kisha amkaribie mume mgonjwa, mgonjwa hulowa jasho na hata kufa. Wazee walisema hivyo, na nani angewabishia?

"Baba Kemunto, si unanijua? Mwambie mama!"

Okemwa akageukia ukuta.

Bonareri alifukuzwa siku hiyo hiyo. Kemunto, binti yao mdogo, alizuiwa kumfuata, maana mtoto ni wa kwa baba.

Alipata kazi Kisii mjini, kushona yunifomu katika duka la Nayna. Sasa sikia kilichoniuma zaidi: msichana wa watu alianza kujishuku mwenyewe! Alikaa mbali na mume aliyempenda, akidhani akimsogelea atamuua.

Miezi ikapita. Simu ya dukani ikalia.

"Bonareri, simu yako! Hospitali ya Nairobi," Nayna alimwita.

"Mama, mimi ni Daktari Momanyi. Mumeo yuko hapa. Wewe ndiye uliyemuuguza, njoo utueleze alivyoanza."

"Daktari, nikija atakufa."

"Nani amekudanganya? Njoo."

Alipanda basi la Nairobi. Abigael alipomwona aliruka kutoka kitini, lakini daktari akamshika Bonareri mkono, akamsimamisha kando ya kitanda. Okemwa hakutoka hata tone la jasho.

"Si TB, wala si pumu kama mlivyoambiwa," daktari alisema. "Ni uvimbe wa nadra sana kwenye njia ya hewa. Seli zake zinamwaga homoni kwenye damu. Tumepitisha mrija mdomoni hadi kwenye uvimbe, tukakata kipande, tukapima na mkojo. Homoni zikimwagika, uso unawaka, jasho linatoka, kifua kinabana. Kitu cha moto kinaweza kuuchokoza, na pombe zaidi. Tutampasua, tuutoe."

"Kwa hivyo si mimi?" Bonareri aliuliza kwa sauti ndogo.

"Si wewe, mama. Okemwa, niambie ukweli kabla sijakupasua. Mara ya kwanza ilikushika wapi?"

Okemwa alimtazama mama yake, akatazama shuka.

"Keroka. Kwa... kwa mwanamke fulani. Nilikuwa nakunywa chang'aa. Kila nikienda kwake ilinishika, kabla hata ya mambo ya chai."

Abigael aliketi chini sakafuni.

"Ulijua," Bonareri alisema. "Ulikuwa unalowa jasho hata mimi nikiwa sipo. Ulijua, ukageukia ukuta."

"Niliogopa. Mama angeuliza nafanya nini Keroka."

"Na mimi nilikuwa napiga magoti kuomba usife kwa dhambi yangu. Dhambi gani, Baba Kemunto?"

Okemwa alijifunika shuka hadi usoni.

Upasuaji ulifaulu. Okemwa aliporudi Sironga, Abigael alifika dukani na Kemunto mgongoni.

"Mtoto wako huyu," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikutukana mbele ya wanawake wa kanisa. Jumapili nimesimama mbele yao hao hao, nikasema nilikusingizia. Nisamehe, mwanangu."

Bonareri alimkumbatia mtoto, kisha akamkumbatia na bibi yake.

Jioni simu ikalia.

"Mama Kemunto, nimepona. Rudi nyumbani."

"Nimefurahi umepona. Kweli nimefurahi."

"Sasa nani ataniletea chai?"

Bonareri alifuta machozi kwa kiganja. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomkasirisha.

"Daktari alisema ya moto ilikuwa inakuchokoza. Jipikie, uiache ipoe. Mimi nimeshapoa."

Akakata simu, akamshika Kemunto mkono, wakaenda nyumbani kwao, hapo hapo mjini.