Kopo la Mombasa

Ijumaa, kabla ya adhana.

Chumba cha nyuma cha mkahawa, mtaa wa Al Muraqqabat, ughaibuni. Severin alisogeza vikombe, akachora ghala mezani kwa kidole kilicholowa chai.

"Mlinzi ni Soud. Hajawahi kukosa sala ya Ijumaa. Akienda msikitini, Rukiya anafungua. Tunabeba, tunasepa. Mnunuzi wetu, Luay, anangoja Rashidiya."

Mzigo wenyewe ulikuwa makopo ya filamu za bendi za rock za enzi za nywele ndefu, zilizonaswa zikiwa jukwaani, gitaa zikipiga mayowe na taa za rangi zikitiririka ukutani. Tajiri mmoja alizikusanya akazifungia chumba baridi huko Ras Al Khor. Matajiri nao! Wafanyakazi wake wanalala kwenye joto, marehemu wa kwenye filamu wanawashiwa AC.

"La Mombasa langu," alisema Famau, dereva.

"Lako, mzee. Nikuahidi mara ngapi?"

Famau hakutaka kingine. Mama yake aliimba katika bendi ya Mombasa iliyo kwenye kopo hilo, mwaka sabini na moja, mimba ya Famau ikiwa kubwa. Akafa akimzaa. Haikubaki picha yake hata moja. Mwanamume ana mvi kichwani na uso wa mamake hajauona. Uyatima hauzeeki. Rukiya, anayesafisha ghala hilo, ndiye aliyeiona filamu hiyo kwa sir wake, yule tajiri, akamletea habari, kwa huruma tu.

"Kaka Famau, msiyafungue makopo leo," alisema Rukiya. "Sir akiyatoa kwenye baridi huyaacha yamefungwa mpaka kesho yake. Yakipigwa na joto ghafla yanalowa ndani. Na hilo la Mombasa limeshaanza kuoza."

"Inshallah," alijibu Famau, ila akili yake ilikuwa kwa mamake.

Adhana.

Soud aliondoka na mswala kwapani. Mlango ukapanda. Makopo yakaingia garini, ya baridi mpaka yanauma vidole. La Mombasa Famau aliliweka kiti cha mbele, akalifunga mkanda.

Khutba.

Severin na Rukiya walirudi kushusha mlango. Severin alikuwa na simu sikioni.

"Yote, Luay. Hata la Mombasa. Huyu mzee? Atalia, atanyamaza."

Famau alisikia. Akatia gia. Kiooni alimwona Severin akikimbia, na Rukiya amesimama, mikono kichwani. Rukiya hakumkosea kitu. Alijua hilo, na bado akakanyaga mafuta.

Baada ya salamu ya kumaliza sala.

Hakuweza kusubiri. Aliegesha nyuma ya gereji iliyofungwa, palepale Ras Al Khor, akafungua kopo. Harufu ya siki, ya filamu inayooza. Akavuta utepe, akauinua juani. Vijipicha vidogo kama kucha: gitaa, ngoma, kisha mwanamke, tumbo mbele, kinywa wazi, na mwanya kama wa Famau.

"Mama," alisema.

Ukungu ukatanda juu ya utepe, ukamfunika mama. Famau akafanya afanyavyo kila siku kwenye kioo cha gari. Akafuta kwa mkono wa kanzu.

Utepe ukabaki mtupu; picha ilikuwa imehamia kwenye kanzu, doa la kahawia. Akavuta zaidi. Filamu ilikuwa imegandana, na kila alipovuta, picha zilibanduka.

Simu ikaingiza ujumbe wa sauti wa Rukiya. "Kaka Famau, uko wapi? Severin amekimbia. Soud anarudi. Kaka, nina watoto."

Aliweka simu chini, akashika tena utepe.

Askari walioitwa na Soud walipofika, hakukimbia. Walimwamuru atoe mikono. Alitoa mmoja, wa pili uling'ang'ania ncha ya mkono wa kanzu yenye lile doa la kahawia.

"Umeshika nini?"

"Mama yangu," alisema Famau, akalia mbele ya watu.