Ufuta wa Kolap

Zeze lilikuwa ndani ya mfuko wake, limetundikwa ukutani jikoni, nyuma ya duka lao la donati, na bado uzi mmoja ulilia. Chanthou alikuwa peke yake, mchana kweupe, mikono imejaa unga. Aligeuka. Mfuko umetulia. Ila pua yake ilinasa harufu ya tope la shamba la mpunga, hapo Long Beach, Marekani, ambako mpunga hauonekani hata wa dawa.

"Panya," alijisemea. Panya gani huyo anayecharaza zeze?

Zeze lilikuwa la mumewe, Savuth. Kule Kambodia, wale wanamapinduzi wa nguo nyeusi walipotwaa nchi na kuwa wakiua wanamuziki, Savuth alilifukia zeze lake la zamani akajifanya mchunga nyati, ndiyo pona yake. Mkewe wa kwanza, Kolap, mwimbaji wa harusi, hakuwa na pa kuifukia sauti. Walimchukua, hakurudi. Savuth akamkuta Chanthou katika kambi ya wakimbizi mpakani, wakaoana, wakaja Marekani, na kwa miaka arobaini mwanaume yule hakugusa uzi wala hakulala bila kuweweseka. Mwaka huu ndipo kikundi cha wazee walionusurika kilipompa zeze jipya, na binti yao Malis akawa anamwimbia. Savuth akaanza kulala. Akaanza hata kuwatania wateja. Chanthou alifurahi, nisimsingizie, lakini kijiba cha roho kilimkaba, maana kila wimbo aliopiga mumewe ulikuwa wa Kolap.

Kisha Malis akaanza kukaukiwa sauti. Alasiri moja wakiwa mazoezini hapo dukani, alifungua kinywa ikatoka hewa tupu, na sauti ya mwanamke mwingine, nyembamba, yenye njaa, ikaudaka wimbo kutoka jikoni, ikapita juu ya trei za donati, ikampitia Chanthou shingoni na ubaridi wa maji ya mtaroni, ikaenda kusimama nyuma ya kiti cha Savuth, na Savuth, machozi yakimtiririka, akawa hathubutu kugeuka wala kuacha kupiga.

"Mama Malis," Savuth alinong'ona sauti ile ilipokwisha. "Siku za kulisha wafu, huwa unamtaja Kolap?"

"Si nilishakwambia namtaja?"

"Niambie kweli. Asiposhiba itabidi niliache zeze hili, na nikiliacha narudi kulekule kwenye kuweweseka. Sitapona tena."

Chanthou akainamisha kichwa. Kila mwaka yeye ndiye aliyepeleka matonge ya wali hekaluni, na kila mwaka aliwataja wazazi, wajomba, hata jirani mmoja mbea, akamruka Kolap. Na mfu asiyetajwa na watu wake hali kitu. Huzunguka hekalu hadi hekalu akiwatazama wenzake wakila.

"Hata mara moja?" Savuth aliuliza.

"Hata mara moja, Baba Malis. Ulikuwa unamwita usingizini. Mimi nilikuwa nalala hapo hapo."

Msimu wa kulisha wafu ulikuwa umefika, wakaenda hekaluni. Mzee Nhem, anayeongoza sala, alimsikiliza Chanthou mpaka mwisho.

"Wivu kwa marehemu, miaka arobaini? Una pumzi wewe!" Kisha akashusha sauti. "Finyanga tonge kwa mikono yako, umtaje kwa kinywa chako. Na usimnyime kitu. Anajua."

Chanthou alifinyanga. Matonge ya wengine aliyamwagia ufuta kwa ukarimu. Alipofika kwa Kolap, mkono ukawa mzito, akadondosha punje chache tu, haraka, akijua hakuna anayemwona.

"Kolap! Njoo ule!"

Moshi wa ubani ulilala chini, ukainuka. Harufu ya tope ikakatika.

Siku ya onyesho la kile kikundi cha Savuth, ukumbi ulijaa wazee wa Kikambodia, na Malis aliimba kwa sauti safi kabisa. Watu waliokaa miaka bila kulia walilia wakishikana mikono. Savuth alicheka akipiga. Chanthou naye alilia, safari hii kwa furaha tupu, na wimbo ulipokwisha Malis akashuka jukwaani moja kwa moja hadi kwake.

"Mwanangu, umeimba!"

Malis akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi, kimelowa, na kilinuka tope. Akamwinamia sikioni.

"Asante kwa tonge, mdogo wangu," alisema taratibu. "Ila ufuta umeninyima."

Kisha akarudi jukwaani, kwa Savuth.