Gitaa la Nyamizi Lasema Dum

Huyu hapa Nyamizi wa Tabora. Ana miaka sita, ana pengo mbele, na mdomo wake una kelele kuliko redio.

Nyamizi ametengeneza gitaa. Ndiyo, mwenyewe! Mwili wake ni kopo, shingo yake ni ubao, na nyuzi zake ni waya mwembamba.

"Oneni!" akawaambia wenzake. "Kwa magitaa, mimi ndiye kiboko yenu!"

Wenzake wana bendi ya makopo. Kiongozi wao ni Shija, na Shija gitaa analijua haswa.

Shija akahesabu nyuzi za Nyamizi. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Nne tu? Langu lina sita! Gitaa lako lina pengo kama wewe!"

"Waya uliisha," akasema Nyamizi.

"Basi kaa pale, utupigie makofi."

Nyamizi apige makofi tu? Thubutu!

Akaondoka na gitaa lake, amevimba kama andazi. Akapita karibu na ukumbi wa dansi. Ndani, bendi ya wakubwa ilikuwa inafanya mazoezi.

Dum. Dum. Dudu-dum.
Tumbo likasikia kabla ya masikio.

"Heee! Nani anapiga ngoma tumboni mwangu?"

Nyamizi akachungulia mlangoni. Hakuona ngoma. Aliona dada mrefu, ameshika gitaa refu. Jina lake Kalunde.

Vidole vya Kalunde vilikuwa kama kuku anayedonoa mtama. Mara polepole, mara haraka haraka, mara kimya. Akipunguza mwendo, bendi nzima inapunguza. Akinyamaza, wote wanamngoja.

Nyamizi akahesabu nyuzi za Kalunde. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Pole, dada!" akapaza sauti. "Nyuzi zako mbili zimekatika!"

Ukumbi mzima ukacheka. Hata tarumbeta likacheka: paa-paa-paa!

Wewe nawe unacheka? Haya, cheka. Kalunde naye alicheka.

"Hazijakatika, mdogo wangu. Hili ni gitaa la besi. Nyuzi zake ni nne."

"Nne tu?"

"Nne zinatosha kuwachezesha wote hawa. Ila ziwe nene."

Nyamizi akapiga gitaa lake. Ting'i. Ting'i. Mbu mtupu!

"Litasema dum kama lako," akasema. "Utaona, dada!"

"Haya," akasema Kalunde. "Nitaona."

Nyamizi akakimbia mpaka kwa baba yake, fundi baiskeli.

"Shikamoo, baba! Naomba tyubu mbovu, ule mpira wa ndani ya gurudumu."

"Marahaba. Wa kazi gani?"

"Wa kusema dum."

Baba hakuelewa. Lakini akamkatia vipande vinne, virefu na vinene.

Nyamizi akavifunga kwenye gitaa. Akapiga. Bwep!

Akavivuta zaidi. Bwep! Mpira ukamchapa puani.

"Acha, mama, utaumia," akasema baba.

"Niache? Thubutu!"

Nyamizi akalitazama kopo lake. Dogo mno! Akalitoa, akaweka debe kubwa. Akafunga upya mpira wake. Akapiga.

Dum.

"Baba! Limesema!"

Lakini dum moja si wimbo. Nyamizi akapiga asubuhi, akapiga jioni. Vidole vikawa vyekundu. Mbuzi wa jirani, aliyezoea kulala ukutani kwao, akahama.

"Pumzika basi," akasema mama.

"Nipumzike? Thubutu!"

Jumamosi, bendi ya makopo ikawapigia watoto wote wa mtaa. Lo, balaa gani lile!

Shija alipiga gitaa lake mbio mbio. Ngoma ya kopo ikabaki nyuma. Wachezaji wakakanyagana miguu. Ko! Vichwa viwili vikagongana.

"Mnaniharibia!" Shija akafoka.

Watoto wakaanza kuondoka, mmoja mmoja.

Nyamizi alisimama nyuma kabisa na debe lake. Je, wakimcheka tena?

Akasogea mpaka katikati. Akapiga.

Dum. Dum. Dudu-dum.
Matumbo yakasikia kabla ya masikio.

Ngoma ya kopo ikamfuata. Mguu mmoja ukacheza. Mguu wa pili. Halafu miguu yote, pamoja! Waliokuwa wanaondoka wakarudi mbio.

Shija alibaki mdomo wazi, nzi angeweza kuingia. Kisha naye akashika gitaa lake, akamfuata Nyamizi.

Walicheza mpaka vumbi likapanda. Walicheza mpaka mama zao wakawaita: "Nyie watoto! Njooni mkaoge!"

Shija akamsaidia Nyamizi kubeba lile debe.

"Kesho uje mapema," akasema.

"Kupiga makofi?"

"Aa, wewe nawe! Bila wewe tunagongana vichwa."

Nyamizi akaoga. Akala ugali na maziwa. Akapanda kitandani.

Mama akamfunika shuka. "Vidole vyako vimelala?"

"Tisa vimelala, mama. Hiki kimoja kinagoma."

Mama akakishika kile kidole katika kiganja chake. Kikachezacheza kidogo. Kikatulia.

Na Nyamizi pia akalala, fofofo.