Mbao ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa napanga mikate dirishani: myeupe kushoto, myeusi kulia, pai za cheri katikati. Mpangilio huo haukuwa wetu. Duka aliliendesha mama, lakini jina la juu ya mlango, Suke la Dhahabu, lilikuwa la kampuni yenye maduka mengi ya mikate, na mkataba wao ulisema hata mahali pa kuweka pai.

Mwezi wa Julai mto ukafurika. Hapa kwetu bondeni, mkoani Limburg, kila mlango una reli mbili za chuma, na maji yakitishia tunateremsha humo mbao tatu, moja juu ya nyingine. Siku ile mama alikuwa akipandisha magunia ya unga ghorofani, akaniagiza niweke mbao. Niliweka mbili. Ya tatu ilikwama, na wenzangu walikuwa wananiita darajani tukatazame maji. Nikaiegemeza uani, nikaenda zangu. Mama aliponiuliza, nilimwambia tayari.

Duka lilifungwa wiki sita. Tuliparua matope mpaka tukachoka kabisa. Kisha akaja Bwana Terlinden kutoka makao makuu, viatu vinang'aa. Alieleza kwamba duka likifungwa zaidi ya siku thelathini, kampuni inaweza kumpa mtu mwingine. Kilichoweza kutuokoa ni kifungu cha kumi na nne tu cha mkataba, kinachomsamehe mwenye duka aliyepatwa na janga ambalo hata angejihadhari vipi asingeweza kulizuia.

"Swali moja tu, Bi Kuipers," alisema. "Mbao zote tatu ziliwekwa?"

"Zote tatu," mama alijibu bila kusita, maana aliniamini.

Akasogezewa fomu atie saini. Nikinyamaza duka linabaki, na nani atajua? Lakini mama alikuwa anataka kuweka jina lake chini ya uongo wangu, na hilo lilinichukiza kuliko adhabu yoyote.

"Mama, usitie saini. Niliweka mbili."

Mama akaiweka kalamu mezani. Bwana Terlinden alitabasamu, akatoa picha mkobani. Ilikuwa ya mlango wetu siku ya mafuriko, maji yakiwa bado chini, na mbao mbili zilionekana wazi. Kumbe alikuwa nayo tangu mwanzo, anatutegea.

"Basi huo ni uzembe," alisema. "Kifungu hakikuhusu. Naomba funguo."

"Funguo hupati," mama alisema. "Kwanza njoo hapa ukutani."

Sisi huchonga mstari ukutani kila mto unapofurika, na kando yake mwaka. Mama alishika futi ya kupimia. Mbao tatu zingefika sentimita tisini. Mstari mpya ulikuwa kwenye mita moja na arobaini.

"Mbao tatu zinaishia kiunoni kwangu, maji yalinifika begani," alisema. "Nionyeshe mbao ya tatu ingezuia nini."

Bwana Terlinden alisema sheria ni sheria. Mama akamsogelea.

"Mkataba wako nimeusoma mpaka nukta ya mwisho, Bwana. Unauliza kama janga lilizuilika. Hauulizi kama binti yangu ni mtoro wa kazi. Andika mbao mbili, halafu andika mita moja na arobaini. Mimi dukani kwangu sitoki."

Aliandika. Baada ya siku kumi barua ikaja: kampuni imekubali kwamba lilikuwa janga, na duka ni letu.

Nilidhani tutasherehekea. Mama alikunja barua, akaniita.

"Jorien, ungenyamaza, ile picha ingenifanya mwongo, na mwongo hasikilizwi hata akiwa na haki. Nilimkazia macho yule bwana kwa sababu ulisema kweli. Lakini ungefanya kazi yako siku ile, asingekuwa na la kuuliza. Sasa kaichukue ile mbao."

Niliitoa uani, nikaipiga randa jioni nzima, mpaka ikateremka kwenye reli bila kukwama.