Mate ya Alfajiri

Mirija ya mate ya opereta wa kreni ilikuwa imetoweka kwenye jokofu la maabara ya kliniki. Mlango haukuvunjwa, kufuli lilikuwa zima. Inspekta alishapeleleza wizi wa kila namna, lakini wa mate ulikuwa mpya kwake.

Mtaalamu wa maabara hakucheka. Alimweleza kuwa tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, hutoa homoni ya kotisoli. Kwa kawaida hupanda alfajiri na kushuka usiku. Ya opereta haikupanda wala kushuka, dalili kwamba huenda mwili umebeba msongo kwa muda mrefu. Daktari wa kazini kwake alitaka mate yale yapimwe tena. Jibu lisipobadilika, opereta angeondolewa kwenye kreni.

"Aliyatema wapi?"

"Nyumbani. Ya kwanza akiamka tu, kabla ya mswaki. Dawa ya meno ingeonekana. Yalikuwa safi."

Inspekta alimkuta opereta nyumbani, amejiachia kwenye kochi, anatania. Huyu kama ana msongo, aliwaza, basi kauazima. Mkewe, mpokezi wa kliniki ile ile, alileta chai, akaketi.

"Mate ya alfajiri ulitema kabla ya mswaki au baada?"

"Baada," opereta akajibu bila wasiwasi.

"Kabla," mkewe akamsahihisha.

Inspekta aliweka kikombe chini. "Funguo za maabara anakaa nazo nani, dada?"

Mwanamke hakuzungusha maneno. Mumewe alishindwa kuamka alfajiri, akamwambia ateme yeye kwenye mirija yote, mate ni mate. Majibu yalipotoka, alijua ni ya nani.

"Niliyachukua mimi, afande. Wangegundua si yake, angefukuzwa kazi kwa udanganyifu. Na yeye mwenyewe angejua."

"Angejua nini?"

"Kwamba nimechoka. Mama yake ni mwaka wa tatu huu hainuki kitandani. Usiku namgeuza, asubuhi nafungua kliniki. Sikutaka apande kule juu na mawazo."

Utani ulimwisha opereta. Inspekta alimwonea huruma, lakini alimwonea mkewe zaidi.

"Mbona usiku hukuniamsha nikusaidie, mke wangu?"

"Ulikuwa umelala vizuri."

Sauti ya bibi kizee ikaita kutoka chumba cha ndani. Mke alianza kuinuka. Inspekta akamwashiria akae. Opereta ndiye aliyesimama. Alifika mlangoni, akageuka, uso umemshuka kwa aibu.

"Akiita hivi," aliuliza, "huwa anataka nini?"