Rangi Nyekundu Kwenye Mipaina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lea hushindilia maranda kwenye jiko la bibi yake. Husimamisha chupa katikati, hukandamiza maranda kuizunguka, kisha huichomoa taratibu ili moto upate njia. Mafinga hakuna shida ya maranda, mashine za mbao zinayamwaga kutwa. Bibi Veneranda hukaanga vitumbua vya wapasuaji mbao. Mwaka jana alikaanga huku akiitazama nyumba yake mpya ya tofali, iliyokuwa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha, na kubakiza bati tu.

Fedha za bati zilikuwepo. Bibi aliuza mipaina, miti ya mbao aliyoachiwa na marehemu babu, akaweka fedha zote kwenye benki ya ushirika mjini. Kila aliyepita akamsalimia "Kamwene" alipewa habari za bati hizo, atake asitake.

Jumatatu moja ya Oktoba Bibi alikwenda kuzitoa, akiwa na Lea na mtoto wake wa mwisho, Crispin, wakakuta mlango wa benki umefungwa kwa kufuli na tangazo limebandikwa. Crispin, baba mdogo wa Lea, alilisoma kwa sauti. Benki Kuu ilikuwa imeifutia benki ile leseni kwa sababu imefilisika. Mfilisi ameteuliwa kukusanya madeni na kuwalipa wenye akiba. Bima ya amana ingelipa sehemu tu ya akiba kubwa kama ya Bibi. Iliyobaki ingesubiri waliokopa warudishe.

"Hao waliokopa ni akina nani?" Bibi akauliza.

"Watu tu, mama," Crispin akajibu, macho chini. "Watu wasio na haya."

Lea aliziangalia ndala zake. Mwaka uliotangulia, Crispin alimpeleka kwenye shamba la mipaina la mzee Tadeo, ambaye alikuwa amehamia Iringa mjini. Lea alishika kopo la rangi nyekundu, Crispin akaandika herufi za jina lake mwenyewe kwenye mashina, kana kwamba shamba ni lake. Kesho yake ofisa mikopo wa benki ile alikuja, akahesabu miti, akapiga picha, akaondoka ameridhika. Kilichomshangaza Lea ni kwamba chini ya rangi yao palikuwa na alama za bluu za mtu mwingine. Kumbe shamba lile lilikwisha kuombewa mkopo kabla yao. Crispin alimpa Lea ndala mpya na onyo: "Hayo ni ya wakubwa."

Kwa siku tatu tangu kuona tangazo, Lea hakula vizuri. Jioni ya nne, Crispin akiwa amekaa jikoni, Lea alizivua zile ndala akaziweka mbele ya Bibi.

"Bibi, nisamehe. Mimi nilishika kopo." Akaeleza yote, akilia.

Crispin aliinuka. "Mtoto huyu anaota!"

"Kaa chini," Bibi akasema. "Mtoto haoti rangi ya bluu chini ya nyekundu. Crispin mwanangu, umekula bati zangu?"

Crispin akakaa. Akaficha uso kwa viganja vyake. "Nilijua benki ni kubwa, mama. Nilijua hawatasikia uchungu."

Kesho yake Bibi mwenyewe alimpeleka Crispin kwa mfilisi, akitangulia mbele kama anayepeleka mtoto kudungwa sindano. Crispin alikiri. Aliuza mashine yake ya kupasulia mbao, akalipa sehemu kubwa ya deni, akaandikishana na mfilisi kumaliza lililobaki. Wengine wawili waliotumia shamba lile lile waliitwa, nao wakaanza kulipa.

Mvua ilipoanza, fedha ya bima ilikuwa imetosha kuezeka vyumba viwili. Cha tatu kilikuwa wazi. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza Bibi na Lea walisikiliza maji yakijaa humo. Crispin, aliyekuja kufungua mfereji wa kutolea maji, alikuwa amelowa chapachapa.

"Ushirika si lile jengo, wanangu," Bibi akasema. "Ni bati zangu na mahindi ya jirani. Kila aliyepaka rangi alidhani anaibia watu asiowajua. Na wewe Lea, ungesema siku ile ile ningekupenda zaidi, lakini umesema. Anayenyamaza naye ameshika kopo."

Lea alichota ndoo ya maji mlangoni mwa chumba cha tatu. Crispin alimpokea, akaenda kuimwaga mwenyewe.